Leso Iliyokataa Kuuzwa Rahisi

Siku Fahmi, kijana mwenye duka, alipobandika karatasi mlangoni, Bi Mwanakhamis aliisoma, akavua miwani akaipangusa kwa ncha ya buibui, akaisoma tena. Mia tisa, bei ya leso mpya, ilikuwa imekatwa kwa kalamu nyekundu, na chini yake pameandikwa mia tano na hamsini. Tangu alfajiri tangazo hilo hilo lilikuwa limeshaingia kwenye simu za wateja wote, pamoja na picha.

"Mwanangu," akasema, "umeiua."

"Nimeiua vipi, Bi Mwanakhamis? Nimeishusha ili iuzike."

"Ndivyo zinavyouliwa."

Fahmi akacheka. Ndinda, msichana wa Machakos aliyekaa kwenye keshi, akainamia risiti zake asionekane kuwa naye anacheka.

Duka lao lilikuwa Biashara Street, Mombasa, duka la leso tupu, ndizo kanga, zimepangwa kutoka sakafuni hadi darini. Bi Mwanakhamis aliingia humo akiwa mjane wa miaka ishirini na tisa, ameajiriwa kufagia na kukunja vitambaa. Sasa ana hamsini na minane. Mwaka wake wa tatu, marehemu Muhdhar, babake Fahmi, alitandaza sampuli tano juu ya kaunta akawa anajikuna ndevu, na mjane yule akapita na ufagio wake akagusa moja kwa kidole, bila kuulizwa. Muhdhar aliagiza ile. Ikaisha kabla ya mwezi. Tangu hapo, msimu baada ya msimu, hakuna leso iliyoingia dukani kabla ya kidole kile kuigusa.

Watu walidhani ana jicho la uzuri. Haikuwa hivyo. Uzuri kila mtu anauona, na leso ngapi nzuri zimezeeka rafuni. Bi Mwanakhamis alikitazama kitambaa akamuwaza mwanamke mmoja wa Kibokoni, kisha akawaza yule mwanamke atakavyomuwaza jirani yake wa Kuze, na jirani atakavyoliwaza jicho la wifi yake siku ya harusi. Alikaa katikati ya macho hayo yanayotazamana, akasikiliza. Kwake yeye soko halikuwa na kitu kingine ndani yake. Kwa kazi hiyo alisomesha watoto wawili, na chumba alichopanga kule Mji wa Kale hakuwahi kudaiwa kodi yake. Lakini jina lake halikuandikwa popote.

Fahmi alirudi kutoka chuo kikuu na shahada ya biashara, na Muhdhar alipofariki akalirithi duka. Hakuwa kijana mbaya. Aliingiza mauzo ya miaka mitatu kwenye kompyuta, rangi kwa rangi, na kompyuta ikamwambia zambarau inapanda na kijani haishuki. Akaagiza korija arobaini za leso ya zambarau yenye pindo la kijani na maumbo makubwa ya korosho pembeni. Korija moja ni leso ishirini, kwa hiyo zilikuwa mia nane, na karibu mtaji wote wa duka ulikuwa humo. Kidole cha Bi Mwanakhamis hakikuitwa.

Zilifika mwanzo wa Mfungo Mosi, mwezi wa harusi. Wanawake walizitazama, wakazisifu, wakangoja kuona nani ataanza. Fahmi akaona kungoja kule ni kukataa, ndipo akabandika karatasi.

Na hapo ndipo alipokosea, kosa la mtu aliyezaliwa mjini humo akasahau mama zake wanaishije. Leso Mombasa hainunuliwi kwa kuvaliwa tu. Hupelekewa bi harusi, mzazi aliyejifungua, mkwe, jirani aliyerudi Hija. Na zawadi ambayo bei yake imo kwenye simu ya kila mtu, tena bei iliyoanguka, humwambia anayeipokea kuwa thamani yake kwako ni hiyo. Ni nani atakayemtunza mkwewe kitu kilichokatwa kwa kalamu nyekundu? Siku tatu zikapita. Ziliuzwa mbili, kwa mtalii.

Siku ya nne Fahmi alimwita Bi Mwanakhamis nyuma ya duka. Alizunguka maneno kama mtu anayetafuta pa kuketi. Mwisho akasema duka limekaukiwa pesa, na pengine imefika wakati Bi Mwanakhamis apumzike, mwisho wa mwezi, atampa kitu cha kumshukuru.

"Kitu gani?"

"Kitu. Nitaona hali ya duka."

Miaka ishirini na tisa ilipita kichwani mwa Bi Mwanakhamis, na ndani ya miaka hiyo hakuona siku aliyoomba chochote.

"Nipe siku thelathini," akasema. "Leso zote mia saba na tisini na nane. Sitashusha hata shilingi. Zikibaki, hata moja, naondoka na hicho kitu sikitaki. Zikiisha, nataka robo ya duka hili. Ubia, kwa maandishi, kwa wakili."

"Robo!"

"Babako angenipa nusu, lakini alidhani kufa bado. Ndinda! Ndoo uwe shahidi."

Ndinda akaja mbio. Fahmi alimtazama huyu, akamtazama yule, akaona hana cha kupoteza ambacho hakijapotea. Akampa mkono.

Jambo la kwanza, Bi Mwanakhamis aliichana karatasi. La pili, alizifunga leso zote akazipeleka ghala la duka, kule Mbaraki, zisionekane hata kona. La tatu, alitoa mia tisa kwenye mkoba wake akamwekea Ndinda mezani.

"Nikatie risiti. Moja yangu."

"Mama, wewe ni wa dukani! Chukua kwa mia tano na hamsini basi."

"Kata risiti, Ndinda. Usinifundishe ubahili wa kwenu."

"Wa kwetu wangeitaka kwa mia tano!" Ndinda akasema, na wote wawili wakacheka.

Jumanne alijifunga leso ile akaenda Mji wa Kale kwa Ruweida, aliyekuwa akimwoza binti yake. Ruweida alikuwa mwanamke ambaye akibadilisha mapazia, vichochoro vitatu hubadilisha mapazia. Sebuleni kwake wanawake saba walikuwa wakichambua mchele na kubishana juu ya sare ya siku ya hina, kwani wageni wote wa kike huvaa leso moja.

"Masalkheri, mabibi."

"Akheri, karibu Bi Mwanakhamis." Ruweida akamtazama kiunoni. "Lo! Si ile ya mia tano na hamsini hiyo?"

Chumba kizima kikainua macho kutoka kwenye masinia.

"Ndiyo ile," akajibu, akaketi taratibu. "Bei hiyo ilikuwa kosa la mtoto. Mimi nimenunua mia tisa, na risiti n'nayo." Akaitoa.

Ikapita mkono kwa mkono. Mmoja akapasuka kicheko. "Wallahi huyu ameingiwa na wazimu! Mfanyakazi wa duka anunua ghali kwa makusudi!"

"Kwani nina njaa ya kuokota kilichoanguka?" akasema Bi Mwanakhamis. "Leo hii duka laiuza mia tisa na hamsini, na hairudi chini."

Hakusema zaidi. Alivuta sinia akaanza kuchambua mchele. Ruweida aliigeuza risiti mkononi, na Bi Mwanakhamis aliyajua mawazo yake kama anavyojua uzito wa kitambaa. Alijua yule mama anawaza leso yoyote nyingine mjini: atainunua kwa elfu, na midomo itasema aliipata kwa mia sita. Ila hii moja. Bei yake ya chini imeshajulikana na kila mtu, na kila mtu atajua kuwa imepanda. Atakayeivalisha harusi yake kwa mia tisa na hamsini, hakuna atakayeweza kusema alingoja ishuke.

"N'nataka korija tisa," Ruweida akasema mwishowe. "Na sharti langu: usimuuzie mtu hata moja mpaka hina ya binti yangu ipite."

"Hina ni lini?"

"Alhamisi, si ya wiki ijayo, ya wiki ile nyingine."

Hiyo ingekuwa siku ya kumi na tisa katika zile thelathini. Bi Mwanakhamis akahesabu zitakazobaki: kumi na moja. Akasema, "Inshallah, umepata."

Wiki mbili zile zilikuwa ndefu. Habari ilivuja, kama habari za harusi zinavyovuja, na wateja wakaanza kuja wakiulizia ya zambarau. "Ipo, lakini haiuzwi mpaka Ijumaa ya baada ya hina," akawajibu. Mfanyabiashara wa Malindi alitaka korija sita, pesa mkononi. Akamrudisha. Fahmi akatoka nyuma ya duka amebadilika rangi.

"Bi Mwanakhamis, unafukuza wateja!"

"Nawangojesha."

"Tofauti ni nini?"

"Anayefukuzwa haulizi nirudi lini. Huyu ameuliza mara mbili."

Alasiri ya hina, wanawake mia na themanini walipita vichochoro vya Mji wa Kale wamevaa zambarau, hata kuta za mawe zikaonekana kupauka kando yao. Madereva wa tuktuk walizima injini wakatazama. Bi Mwanakhamis alikuwa miongoni mwao na hakutazama leso hata moja. Alikuwa akitazama wanawake waliosimama madirishani ambao hawakualikwa.

Ijumaa asubuhi, alipofika kufungua, alikuta foleni imeshapinda kona. Wa Malindi alikuwa wa pili, na sasa alitaka korija kumi. Wa Mtwapa walikuja, na wa Kwale. Ndinda alikula chakula chake cha mchana saa kumi, amesimama. Siku ya ishirini na saba mama mmoja alinunua ya mwisho, bila kuuliza bei.

Fahmi alikaa muda mrefu mbele ya kompyuta yake. "Nataka kuiandika biashara hii humu," akasema. "Niiandike vipi? Safu gani? Rangi? Bei?"

"Andika Ruweida."

"Na msimu ujao, Ruweida tena?"

"Msimu ujao Ruweida atakuwa ameshachosha watu. Atakuwa mwingine." Akamwonea huruma. "Zima kitu hicho, mwanangu. Vuta kiti ukae nami hapa mbele, mwaka mmoja, uwatazame wanavyotazamana."

Jumatatu walikwenda kwa wakili. Wakili alimsomea hati polepole, akidhani hajui kusoma. Bi Mwanakhamis akamwacha amalize, kisha akamwonyesha kifungu cha nne, palipoandikwa kwamba maamuzi ya ununuzi ni ya mbia mkubwa.

"Hapa parekebishwe. Mzigo hauagizwi bila saini yangu na yake."

Fahmi akaitikia kwa kichwa. Wakili akapiga chapa upya. Bi Mwanakhamis akaandika jina lake lote, la kwake na la babake na la babu yake, herufi moja baada ya nyingine, bila kuharakishwa na mtu. Ndinda, aliyeletwa kuwa shahidi, akapiga kigelegele mle ofisini, kikali, cha Ukambani, mpaka makarani wa chumba cha pili wakafungua mlango kuuliza ni nani aliyeolewa.