Jina Lisiloitwa Sokoni

Mimi naitwa Marcelline, lakini ukija Kadutu, hapa Bukavu, kumuulizia Marcelline fundi wa nguo utazunguka mpaka jioni. Ulizia Maman Gisèle. Kwetu ukishazaa, jina lako linawekwa kando na unaitwa kwa jina la mtoto wako wa kwanza, na hivyo ndivyo utakavyoitwa mpaka siku ya kuzikwa. Nalieleza hili mapema kwa sababu hakuna jambo lililomchosha Zagabe kuliko hili, na Zagabe ndiye ninayetaka kusimulia habari zake.

Tunapanga chumba kimoja, yeye na mimi, kando ya njia inayoteremka kutoka sokoni. Mlangoni iko cherehani yangu. Ukutani iko meza yake, imejaa kompyuta zilizofunguliwa matumbo. Anatengeneza zilizokufa, anafukuza virusi, anaweka programu. Hana mke wala mtoto, kwa hiyo watu wazima wanamwita Tonton Zagabe, yaani mjomba, na watoto wa mtaa wanamwita Papa Bata kwa sababu ya fulana yake. Fulana hiyo ina picha ya pengwini, ambaye ni alama ya Linux, mfumo wa kompyuta wa bure anaoupenda kama wengine wanavyopenda timu ya mpira. Aliipata ujanani, kwenye mkutano wa wapenzi wa kompyuta huko Goma. Amekwisha kuchoka kueleza kwamba yule si bata. Siku hizi wakimwita, anaitika tu.

Zamani walikuwa kundi zima. Vijana wembamba, kila mmoja na kompyuta yake mgongoni, wanakutana Jumamosi katika darasa la kuazima na kubishana ni Linux ya aina gani iliyo bora, kwa hasira ambayo mimi nimeizoea kwa wajomba wanaojadili mahari. Mmoja akaenda Kampala, mwingine Kinshasa, mwingine yuko Ubelgiji na hajibu ujumbe. Kundi lao la WhatsApp bado lipo. Ndani yake kuna rambirambi, matokeo ya mpira, na Zagabe peke yake akituma habari za usalama wa mtandao ambazo hakuna anayezifungua.

Maoni yake nimeyasikia yote, hata nisiyoyaelewa. Anasema virusi vya Bukavu havitoki mbali: vinatembea kwa clé USB, vile vijiti vya kubebea mafaili, kutoka ofisini kwenda kwa mpiga picha za harusi, kutoka kwa mpiga picha kwenda parokiani. Anasema mtu anayenunua programu ya wizi kisha anaomba kinga dhidi ya wezi anamchekesha. Na wale wanaobonyeza kila ujumbe unaoahidi mega za intaneti za bure wanamtia ugonjwa.

"Mutu anaweka kufuli tatu ku mulango," ananiambia, "kisha anafungulia mwizi ku telefone."

Lakini kilio chake kikubwa kilikuwa maneno ya siri. Siku niliponunua simu yangu aliniuliza nimeweka code gani. Nikamwambia: Gisèle, pamoja na mwaka wake wa kuzaliwa. Akaweka bisibisi yake mezani.

"Maman Gisèle! Ile jina banaiitaka mu soko muzima. Muuza nyanya anaiita, wa moto-taxi anaiita. Mwizi hana kazi. Anasimama tu, anasikiliza."

Nilicheka mpaka sindano ikanitoka. Alisema kweli, na mimi sikubadilisha kitu. Hakuna aliyebadilisha. Aliwaeleza manesi, aliwaeleza walimu, alimweleza padri mmoja kwa heshima zote. Waliitikia kwa kichwa, wakamshukuru, wakaenda kuandika jina la mtoto. Padri aliandika jina la mtakatifu wa parokia, ambalo limechorwa juu ya mlango. Ni rahisi kumcheka Zagabe, lakini mimi nilikuwa nikimwona jioni anavyokusanya nyaya zake, na nilimhurumia.

Mtu mmoja tu ndiye aliyemsikia. Aliitwa Firmin, Papa Héritier kwa jina la mtaa, mwalimu wa kwaya. Alileta kompyuta ya mitumba akitaka kurekodi nyimbo zake kabla ya kuwafundisha waimbaji. Zagabe akamwekea Linux, kisha akaifunga diski yote, siyo mlango wa mbele tu. Akamweleza vizuri: bila maneno ya siri, kila kitu kilichomo ndani ni uji mtupu, na hakuna fundi wa kuufanya uwe unga tena.

"Tafuta maneno yenye hakuna mutu anasemaka," alimwambia, "lakini yenye weye hauwezi kusahau. Na isikuwe neno moja. Sentensi nzima."

Papa Héritier aliigeuza kompyuta ikaelekea ukutani. Alifikiri muda mrefu, nikadhani amesinzia. Kisha akaandika polepole, kitu kirefu, akakiandika tena kukithibitisha. Alipoondoka, Zagabe alibaki amesimama katikati ya chumba kama mtu aliyepokea barua njema.

"Mutu moja," alisema. "Mu Bukavu muzima, mutu moja alinisikia."

Mwaka huu Papa Héritier amefariki. Ni tension, shinikizo la damu: aliamka na kichwa kinauma na hakufika jioni. Tulienda kwenye kilio, tukakaa kwenye viti vya plastiki, tukaimba. Siku za kilio zilipokaribia kwisha, mjane wake, Maman Héritier kwa mtaa lakini Maman Séraphine kwetu wa parokia, kwa jina lake la ubatizo, aliteremka mpaka kwetu na kompyuta imefungwa ndani ya kitenge. Umeme ulikuwa umekatika tena, na mimi nilikuwa nashona kwa miguu.

"Tonton, fungula hii kitu."

"Code njo nini, maman?"

"Kama nilikuwa najua, njo ningekuya huku?"

Akaeleza. Jumapili ilikuwa misa ya kumaliza kilio. Papa Héritier alikuwa ametunga wimbo mpya kwa Kimashi, lugha ya asili ya huku, wa mwisho, na alikuwa hajaufundisha. Aliurekodi sauti moja moja nyumbani, mlango umefungwa, na haukuwa mahali pengine popote. Kwaya ilitaka kumuaga kwa wimbo huo. Rais wa kwaya, Papa Alphonse, alikuwa amemwambia kwamba kuna kijana upande wa Nyawera anayefungua kompyuta yoyote kabla chai haijapoa.

Zagabe alisimama ghafla. "Maman, nakuomba. Ule kijana atafuta vyote. Mashine itawaka, ndiyo, lakini itakuwa mupya. Papa Héritier hatakuwa tena mule ndani."

"Basi fungula weye. Si weye njo ulimufungia?"

"Njo miye. Lakini ufunguo sina. Hata benye balitengeneza hii kitu hawana."

Maman Séraphine alimtazama. Hakuwa mtu wa kupaza sauti, na hakuipaza.

"Sasa hii usalama ni ya aina gani, Tonton? Mwizi hakuingia. Na miye bibi yake, siingie."

Zagabe alikaa, akavuta ile mashine, akaanza kujaribu, na mimi nilijua kwamba hata yeye haamini. Alijaribu Héritier na miaka yote. Alijaribu mistari ya kwanza ya nyimbo zake, ambayo Maman Séraphine alimwimbia kwa sauti ndogo. Alijaribu kijiji chao cha upande wa Bunyakiri, na maneno ya sala. Kila mara mashine ilifikiri kidogo, ikakataa, ikauliza upya. Betri ilikuwa inashuka na umeme haukurudi. Nje waendesha pikipiki wa moto-taxi walikuwa wanagombania abiria, na nilitamani wote wanyamaze.

Hatimaye Zagabe aliondoa mikono mezani.

"Nimechoka, Maman Gisèle," aliniambia mimi, siyo mjane. "Miaka yote nalia banisikie. Mutu moja ananisikia, na tazama."

Nilikata uzi, nikajifanya natafuta kifungo.

Kisha akamgeukia Maman Séraphine, akaongea taratibu kuliko kawaida yake. "Nilimwambia hivi: maneno yenye hakuna mutu anasemaka, lakini yenye hauwezi kusahau. Hakuna kitu ya vile kwenu? Kitu yenye hamusemake?"

Maman Séraphine alikunja kitenge mapajani. Alikikunja vizuri, kona juu ya kona, akakikunjua, akakikunja tena.

"Iko mutoto," alisema.

"Héritier tulishajaribu, maman."

"Si Héritier. Héritier hakukuwa wa kwanza."

Miguu yangu ilisimama juu ya cherehani. Tunasali parokia moja na huyu mama, nimemshonea nguo za ubatizo na za harusi za ndugu zake, na sikujua.

Alikuwa msichana, akaitwa Apolline, na hakumaliza hata mwezi. Kwa muda huo mfupi mtaa ulimwita mama yake Maman Apolline. Baada ya maziko watu waliacha kumwita hivyo kwa kumwonea huruma, na Héritier alipozaliwa akaitwa Maman Héritier. Ndivyo tunavyofanya. Tunadhani ni wema, na huenda ni wema. Lakini tangu hapo jina la yule mtoto halikuwa na mdomo wa kulitamka.

"Papa yake njo alitengeneza musalaba," alisema. "Akaandika ye mwenyewe, na rangi. Kisha mvua ikakuya, ule mulima ukateremuka, ukabeba makaburi na misalaba yote. Tulienda kutafuta. Hatukuona hata kipande. Tangu siku ile hakusema tena jina yake. Hata siku moja. Miye nilikuwa nalia mu jikoni, yee anaenda ku répétition ya kwaya. Nikasema, huyu mwanaume ameisha kusahau mutoto. Nimekaa na hiyo mu roho miaka yote, Tonton. Hata pale ku kilio, batu banalia, miye nilikuwa nayo."

Alisema hayo bila machozi, kwa uchovu wa mtu aliyepanda mlima na mzigo akakuta bado hajafika. Zagabe, mtu wa kukata watu kauli, alimwacha amalize.

"Ku musalaba aliandika nini?"

"Apolline, lala mama, papa iko hapa."

Kwetu msichana mdogo anaitwa mama hata akiwa wa kubebwa mgongoni. Zagabe hakuandika. Alisukuma mashine mpaka mbele ya mjane, akageuza uso ukutani, kama mwenye mashine alivyoigeuza kompyuta siku ile.

"Andika weye," alisema.

Maman Séraphine aliandika kwa kidole kimoja, akitafuta kila herufi. Alipomaliza alibonyeza pale Zagabe alipomwonyesha. Mashine ikafikiri. Kioo kikawa cheusi, nami nikasema moyoni: basi, imekwisha. Kisha kikawaka, na pale kioo kizima palikuwa na picha ya kwaya, Papa Héritier katikati na mikono juu.

Zagabe alitafuta wimbo haraka kwa sababu ya betri, akaupata, akaufungulia ili ahakikishe. Sauti ya marehemu ikajaa chumba. Alihesabu kwa Kifaransa, akakohoa, akaimba besi. Halafu akaimba sehemu ya wanawake, yeye mwenyewe, kwa sauti nyembamba ya kujikaza, ikamkatika katikati, akasema "pardon" kwa hewa tupu na kuanza upya. Maman Séraphine alicheka. Alicheka kweli, mkono mdomoni, na machozi yakaja humo humo ndani ya kicheko. Mimi nililia pia, sioni aibu kusema. Zagabe alikuwa anatafuta clé USB kwenye droo ambayo ilikuwa imefunguliwa mbele yake.

Alinakili wimbo, akampa clé mkononi, akamkunjia vidole juu yake. Kisha akasema jambo ambalo sikutegemea kulisikia kinywani mwake.

"Sasa naweza kukuwekea code ya mwepesi, maman. Hata Héritier. Hakuna shida."

Mjane alikuwa anatazama vitufe.

"Tonton, hii kitu inaulizaka yale maneno lini?"

"Kila mara unaiwasha."

"Na yee alikuwa anaiwasha kila siku?"

"Mutu wa muziki? Kila siku, maman. Asubui na mangaribi."

Aliliweka hilo moyoni, nikaona jinsi lilivyokuwa linashuka. Asubuhi, mlango umefungwa, kabla ya wimbo wowote. Na jioni, baada ya kazi, mkewe akiwa jikoni upande wa pili wa ukuta.

"Zima," alisema.

"Maman, betri iko karibu ku..."

"Zima tu."

Zagabe aliizima, akaiwasha upya. Maman Séraphine alivuta kiti karibu. Mashine ilipouliza, aliweka kidole kwenye herufi ya kwanza, na safari hii, kila neno aliloliandika, alilitamka kwa sauti.