Jina Nililomtajia Wifi

Mke wa kaka yangu alishikwa na uchungu tukiwa shambani tunachuma kahawa. Kesho yake jua likapanda, mtoto bado. Mama yetu, aliyezalisha karibu kijiji kizima, aliketi akakunja mikono. Kwetu Mbozi siku zile uchungu ukichelewa ulikuwa na sababu moja tu: mwanamke ametoka nje ya ndoa, na asipomtaja mwanamume, mtoto hatoki.

"Mtaje, mwanangu," Mama alimwambia.

"Mama, sina wa kumtaja."

Nilimwamini. Mwaka mzima tulikuwa pamoja kisimani, shambani na kanisani. Huyo mwanamume angempata saa ngapi? Nilimsihi Mama tumpeleke misheni. Alinijibu kwamba mzazi havushwi mlango na siri tumboni.

Mama alipotoka kuchemsha dawa, nilimwinamia wifi sikioni.

"Wifi, taja yeyote. Mtaje yule jirani aliyekwenda migodi ya shaba, hayupo wa kumuuliza. Ukishajifungua utakana."

Nilijiona mjanja, Mungu anisamehe.

Akamtaja. Mtoto hakutoka ng'o, lakini mlango ulifunguliwa, na wanaume wakambeba wifi kwa machela. Kule misheni muuguzi alimpima akasema mtoto amegeuza uso juu, na mama ameishiwa nguvu. Wakamtundikia maji, kisha daktari akamvuta mtoto kwa koleo. Alitoka wa kiume, shavu limevimba, analia.

"Hapa hakuna kosa la mtu," muuguzi aliniambia. "Ila mngemleta jana."

Maneno hayo nilipaswa kuyafikisha nyumbani. Sikuyafikisha. Wifi alikana, kama nilivyomfundisha, lakini nani amsikilize? Maji yakimwagika hayazoleki. Mtoto alipoacha ziwa, kaka aliamua kumrudisha mkewe kwao Kamsamba.

Siku ya kuondoka, mbele ya wazee wa kanisa, wifi alinigeukia.

"Wifi, wewe unajua."

Nilimwogopa Mama. Niliogopa zaidi kutengwa kanisani kwa kosa la kufundisha uongo, mimi niliyekuwa mwimbaji. Nikasema sijui kitu. Hakunilaani, hakulia, alijitwika mzigo wake akashuka njia ya bondeni.

Mtoto alibaki kwetu, maana mahari ilikwisha kulipwa na kwa desturi alikuwa wa kaka, nikamlea mimi. Alipoanza kuniita mama, niliitika.