Ndala Kwenye Swichi Kubwa

Kabla sijawa fundi umeme nilikuwa nachimba dhahabu machimbo ya Geita. Nilitoka huko na vitu viwili: kikohozi, na tabia ya ndala. Kwenye duara letu, yaani shimo la kuchimbia, kila anayeshuka aliacha ndala moja kwenye mdomo wa shimo. Ndala ikiwepo, mtu yuko chini, na mashine haiguswi. Mpaka leo nikipanda darini nazima umeme, natundika ndala kwenye swichi kubwa. Wateja wanacheka. Wacheke, mguu ni wangu.

Siku hiyo nilikuwa mtaa wa Kambarage, kwa dada mmoja muuza mitumba. Alitaka waya mpya upite darini mpaka chumba cha uani. Mama mkwe wake, bibi wa Kisukuma, alikuwa amekuja kutoka kijijini. Nikamwamkia shikamoo. Akaitika marahaba huku akiuangalia mguu wangu peku; ndala yake nilishaitundika kwenye swichi.

Nikapanda. Jamani, darini! Jua la mchana limepenya kwenye matundu ya misumari, mistari ya mwanga imesimama kwenye vumbi kama mvua iliyogoma kudondoka. Nikasahau hata joto la bati. Natambaa juu ya mbao tu, maana ukikanyaga jipsamu unashuka sebuleni bila hodi. Nikafagia vumbi kwa kiganja, nikaona kitu kinang'aa. Moyo ukaruka: dhahabu! Wapi, shaba. Panya wamekula ganda la waya wa zamani, umelala uchi njia nzima ninayopita. Nikaugusa kwa testa, haikuwaka. Ndipo nikaushika niukate.

Hapo hapo nikasikia sauti ya dada chini.

"Mama, sogea niwashe. Nipige pasi dakika moja tu."

"Mtu hajatoka."

"Anapitisha waya mpya, mama, haujaungwa bado. Umeme hautamfikia."

Umenifikia huu hapa, nimeushika! Nataka kupiga kelele, koo limejaa vumbi, inatoka pumzi tu.

"Ndala hiyo hapo," bibi akasema. "Baba yenu alikuwa mchimbaji. Mtu yuko chini."

"Yuko juu, mama!"

"Chini, juu, hajatoka. Nguo vaa na makunyanzi."

Nikasikia dada anaweka pasi chini. Nikauachia ule waya taratibu, nikabaki nautazama mwanga. Nimetundika ndala kwenye nyumba nyingi sana. Sikuwahi kufikiria kuna mtu anaijua.

Niliposhuka nilimkuta bibi kaweka kiti chini ya swichi, mgongo ukutani, mkongojo mapajani kama askari wa zamu.

"Umetoka?"

"Nimetoka, bibi. Ila narudi, kuna waya mbovu mno huko."

"Wenzako je?"

"Niko peke yangu."

Akaangalia dari kwanza, ahakikishe. Nikanywa maji, nikapanda tena. Ndala sikuigusa, na yeye hakuondoka kitini.