Kovu ya ndui kwenye bisi ya wanafunzi

Leo nimeungama kosa langu la wakati wa Zaïre, hapa hapa mtaani Murara!

Kolera ilikuwa imeingia Goma. Karte ya kupandia bisi, ile basi ya wanafunzi, ikawa haikubaliwi tena bila muhuri wa chanjo ya kolera.

Na mimi sindano nilikuwa naiogopa vibaya sana.

Nikamuonyesha konvwayeri, mwenye kukagua karte mulangoni, kovu ya chanjo ya ndui mukononi, ile ya utotoni, nikasema ni ya kolera. Akaniacha nipande. Miaka yote najiona mjanja!

Leo nimemukuta konvwayeri yule, sasa ni muzee.

"Papa, nilikudanganya na kovu."

Akacheka mpaka machozi. Akapandisha mukono wa shati: kovu ileile!

"Mama, na sisi wa kazi walitudai chanjo. Mimi hii ndiyo nilionyesha chefu wangu."

Nani mwingine alipanda na kovu? Ungameni!