Kioo cha Gari Mkononi mwa Raihana

Asiya hushona viti vya magari Buyenzi, mtaa wa Bujumbura, kwenye kibanda cha mabati kati ya mafundi breki na wapiga rangi. Mume alikwenda zake Uvira, ng'ambo ya mpaka, akanogewa huko. Watoto watatu kabaki nao yeye. Michezo ya kuigiza huitunga hapohapo kazini, kwa chaki, nyuma ya ngozi atakayoishona. Kiti kikiisha, maneno yanakwenda nacho, na nusu ya abiria wa mabasi ya Musaga wameyakalia bila habari. Ndiyo maana binti yake mkubwa, Raihana, huyashika kichwani kabla sindano haijapita.

Wapo wanaosema mama wa watoto watatu hana haki ya kutunga michezo. Waseme. Mimi jirani yake najua hawajawahi kumwona akipika, akishona na kuwagombanisha wahusika wake kwa wakati mmoja.

Mchezo wa mwaka huu ulihusu mwizi anayepigwa na umati. Siku ya mazoezi kijana wa kuigiza mwizi hakutokea, basi Raihana akavaa ovaroli ya fundi, akavuta kofia hadi machoni, akashika kioo cha pembeni cha gari. Asiya alikuwa na kiti cha mteja kwenye cherehani, lakini alitaka mtoto asikie jinsi aliyeibiwa anavyolia hasa. Akapiga ukelele: "Mwizi! Mwizi!"

Raihana akakimbia kama alivyofundishwa. Kibanda ni kidogo, akatokea nje.

Mtaa wa magereji, mchana kweupe, mtu kafunika uso, kioo cha gari mkononi! Wezi wa vioo wametuchosha Buyenzi. Spana ya kwanza ilimpata begani, akaanguka. Yakafuata mateke, fimbo, mnyororo. Mkono ukavunjika, na mlio wake niliusikia kutoka mlangoni kwangu. Mtu mmoja alikuwa anakuja na kidumu cha petroli.

Asiya akatoka na mkasi. "Ni mutoto yangu! Ni mchezo!"

Nani amsikilize? Kila mwizi ana mama wa kusema hivyo. Akajitupa juu ya binti yake, akapigwa yeye mgongoni, akachoma kila mkono uliomfikia. Mkasi ule wa kukatia ngozi ulitoboa kiganja cha Chabani, fundi breki wa jirani, ukatokea upande wa pili. Damu ikamrukia Raihana usoni. Kofia ikadondoka, wakamwona ni nani, na fimbo zikasita.

Kesho yake Chabani akaja nyumbani, kiganja kimefungwa bendeji, na mfuko wa machungwa.

"Asiya, wallahi, sikujua ni mutoto yako."

"Na kama angekuwa wa mwingine?"

Chabani akatazama miguu yake. Akageuka, na machungwa akaondoka nayo.

Raihana alikuwa kitandani, mdomo umevimba. "Mama," akasema, "kwenye mchezo, wenye kunipiga wanasema mingi sana. Wale ya jana hawakusema kitu."

Asiya akalia kwa hasira. Baadaye aliniambia kilichomuuma zaidi: akiwa chini ya fimbo, juu ya mtoto wake, ukimya huo wa wapigaji hata yeye alikuwa ameuona, kwa jicho la mtunzi. Akarudi kibandani, akachukua kitambaa chenye maji, akafuta kwenye ngozi maneno yote ya umati.