Maneno Ambayo Ndaki Hakuyasema

Klementina Luhaga alikuwa afisa ugani katika kata moja ya Bariadi, na wakati huohuo akisomea shahada ya uzamili. Utafiti wake ulihusu dawa mpya ya kupulizia pamba. Aliwahoji wakulima thelathini kwa Kisukuma, akawarekodi wote kwenye simu. Kuyasikiliza na kuyaandika mazungumzo ndiko kulikomshinda. Alipofikisha kumi na mawili, tarehe ya kuwasilisha ilikuwa imebaki wiki moja. Akaipa programu ya akili mnemba hayo kumi na mawili pamoja na orodha ya majina yote, akaiomba iandike sura ya matokeo. Ikaandika mpaka nukuu za watu ambao hakuwa amewasikiliza tena. Akatuma.

Mwezi uliofuata msimamizi wake, Dk. Anatoli, alifika Bariadi kikazi. Akasema angependa kumwona Ndaki, mama mmoja mkulima wa kijiji cha Kasoli, kwa kuwa maneno yake yalimvutia kuliko ya wengine wote.

Njia nzima Klementina alitafuta pa kuanzia kusema. Mara mbili alifungua mdomo, na mara mbili akaishia kuonyesha njia.

Walimkuta Ndaki akianua mahindi. Baada ya salamu Dk. Anatoli akatoa karatasi, akamsomea: dawa ile ilimwinua, mavuno yakaongezeka maradufu.

Ndaki hakumtazama msomaji. Alimtazama Klementina.

“Mwanangu, si nilikupeleka shambani? Si ulivishika mwenyewe vile vitumba vya pamba vilivyodondoka baada ya kupulizia dawa ile?”

Dk. Anatoli aliishusha karatasi taratibu.

“Ni kweli, mayu,” Klementina alisema. “Hayo hukuyasema. Yaliandikwa na akili mnemba, nami nikaweka jina langu.”

Chuo kilimrudisha nyuma mwaka mzima. Safari hii alisikiliza rekodi zote, na wakulima kumi na mmoja walikuwa wamelalamikia vitumba kudondoka. Kama sura ile ingepita, malalamiko yao yangepotea.

Ndaki alikubali jina lake liendelee kutumika, ila kwa sharti: asomewe kwanza yaliyoandikwa kwa jina lake. Klementina akaenda, akaketi, akamsomea kwa Kisukuma, sentensi baada ya sentensi. Ndaki alimsimamisha sehemu mbili, akamsahihisha.