Nililegeza Kanuni Faili Ipite, Bi Akabaki Gizani

Msinitafutie udhuru, ndugu zangu. Nilifanya mimi, kwa vidole vyangu hivi, na anayeteseka ni mtu asiyenikosea lolote.

Mimi ni kijana wa kisiwa cha Pate. Shule niliishia kidato cha pili, lakini kompyuta naipenda kufa! Nilijifunza kwa video za simu, nikiota siku moja nitakuwa na ofisi yangu Amu, yaani Lamu mjini, jina langu mlangoni. Kwa hivyo madaktari wa macho, wale wanaokuja Amu mara moja moja, walipotaka kijana wa kuwaandikia wagonjwa wa kwetu, niliruka kwa furaha.

Kazi yenyewe ni hii: wagonjwa wote nawaandika kwenye faili moja ya XML, orodha iliyopangwa kwa alama ambazo kompyuta inazisoma. Wao walinipa faili nyingine, skima, yenye kanuni: jina lazima, mwaka wa kuzaliwa lazima, nambari ya kitambulisho lazima. Kabla ya kutuma nafungua lile dirisha jeusi, naandika amri ya xmllint, na kompyuta inalinganisha faili yangu na kanuni. Ikisema "validates", imepita. Ikisema "fails to validate", kuna kasoro, na mstari wenyewe inakuonyesha.

Siku ya kutuma ikakataa! Mstari wa Bi Khadija, jirani aliyenilea kama wake. Mtoto wa jicho amemziba macho yote mawili, na kitambulisho chake sikuwa na nambari yake.

Lakini Bi alikuwa edani, mumewe amefariki. Eda ingekwisha kabla madaktari hawajafika, ila faili ilitakiwa siku ile ile. Mimi mwanamume niende kwa mjane kuulizia kitambulisho? Haya ikanishika.

Rafiki yangu Athmani akanicheka. "Si umtume mjukuu wake, wewe! Mwanaisha yuko hapo nje."

"Nimsumbue Bi na msiba wake kwa sababu ya nambari?"

"Haya, daktari wa kompyuta. Utajua mwenyewe."

Nikajiona nina akili. Nikafungua skima, kwenye kitambulisho nikaongeza minOccurs="0", yaani kikikosekana si neno. Nikarudia amri. "Validates"! Nikajipigia makofi, wallahi. Nikatuma.

Mjinga mimi! Skima niliyoilegeza ni ile ya kwenye kompyuta yangu tu. Ya kwao iko vile vile. Wakaikataa faili nzima, wagonjwa wote, na barua pepe ya kunijulisha wakaileta. Sikuifungua. Ya nini, na kwangu imepita?

Madaktari wakaja Amu. Tukapanda boti bandarini Mtangawanda, wagonjwa wote wa Pate, Bi Khadija nimemshika mkono, eda imekwisha, anacheka. "Leo nitakuona sura, nijue u mzuri kweli au nadanganywa."

Muuguzi akatafuta, akatafuta tena. "Wa Pate? Hakuna hata mmoja hapa. Na nafasi zimejaa."

Hapo ndipo nikaifungua ile barua.

Bi akageuza uso, akitazama pembeni kidogo ya niliposimama. "Kwani mimi sikuandikwa, mwanangu?"

"Uliandikwa, Bi."

"Basi labda ni mitambo yao."

Lawama yangu nikaiachia mitambo. Wote wakarudi botini wakinishukuru kwa kuwasindikiza. Wakinishukuru!

Madaktari hawajarudi hadi leo. Bi sasa haoni hata ndia ya uani, anapapasa ukuta. Ile nambari nimeshaipata. Nilimtuma Mwanaisha, akarudi nayo chai yangu haijapoa. Chai, jamani!

Kijana mwenzangu unayeota kama nilivyoota, kompyuta ikikuonyesha kosa, rekebisha kosa. Kanuni usiiguse. Na kama kinachokuzuia ni haya, tuma mtu akabishe hodi.

Mimi kila asubuhi napita mlango ule. Bi huzijua nyayo zangu, huniita kutoka ndani:

"Ni wewe, daktari wa kompyuta? Wamesemaje, wanakuja lini?"